Naomba ushauri: bei za mafundi, maduka ya vijijini na wakandarasi zinanichanganya kwenye mfumo

MwenyeDuka_Mby
Habari zenu wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Daftari tumeliacha, sasa tunatumia Odoo, programu ya kuendeshea biashara. Upande wa stoo mambo yametulia na mauzo ya siku nayaona kwenye simu. Kinachonitesa ni bei.

Wateja wangu wapo wa rejareja, mafundi, wenye maduka ya Chunya, Mbalizi na Ilembo wanaobeba kwa jumla, na wakandarasi wanaotaka proforma (ankara ya awali kabla ya kununua) yenye VAT. Kijana aliyetufungia mfumo alitengeneza orodha nne za bei, kila moja ina bidhaa zote za duka na kila bei imeingizwa kwa mkono. Juzi nondo ya milimita 12 imepanda. Rejareja ikabadilishwa, mafundi wakabadilishiwa, orodha ya jumla ikasahaulika. Mteja wa Chunya kapakia mzigo kwa bei ya zamani na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) imeshatoka.

Halafu keshia akibanwa na foleni hachagui jina la mteja, anaandika bei ya kichwani. Unakuta fundi yuleyule kauziwa bati kwa bei tatu ndani ya wiki moja.

Nibaki na hizi orodha nne, au kila mteja awe na bei yake? Wenye uzoefu nisaidieni.

Mwananchi_Makambako
Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi. Na mimi yananikuta hayohayo, ila yangu yako kwenye daftari 😂

Mhasibu_Ipogolo
Mkuu, orodha nne zinakutosha. Bei ya kila mteja usithubutu, utalala dukani.

Kasoro iko kwenye ujenzi wake. Bei ya msingi iwe moja, ile inayokaa kwenye kadi ya bidhaa (ukurasa wa bidhaa ndani ya mfumo), na hiyo ndiyo rejareja yako. Orodha nyingine zibebe kanuni badala ya kubeba bei. Odoo inakuruhusu kuweka punguzo la asilimia, bei kamili (kiasi cha shilingi unachokiandika mwenyewe), au hesabu inayoanzia kwenye bei ya kununulia. Kanuni inaweza kugusa bidhaa moja, kundi la bidhaa au duka zima. Zikigongana, ya bidhaa moja inaishinda ya kundi, na ya kundi inaishinda ya duka zima. Ukishapanga hivyo, ukibadili bei kwenye kadi, zote zinazotumia asilimia zinafuata zenyewe.

Sasa usikimbilie kuandika "mafundi asilimia 5" kwa kila kitu. Tuseme saruji unainunua 15,500 hadi inafika dukani, unauza 16,500. Asilimia 5 ya 16,500 ni 825. Umebakiwa na 175 kwa mfuko, na hapo hujamlipa mbebaji. Asilimia hiyohiyo kwenye ndoo ya rangi ya 95,000 uliyoinunua 70,000 hata huisikii.

Kwa hiyo rangi, vitasa, mabomba na vifaa vya umeme wape asilimia, tena kwa kundi. Saruji, nondo na bati ziandikie bei kamili kwenye kila orodha. Hizo ni bidhaa chache, zikipanda unazibadili chai haijapoa.

Njombe_Tally
Naongezea hapo kwenye kupanda. Sisi tunatumia Tally, programu ya uhasibu, na kule ngazi ya bei (orodha ya bei ya kundi la wateja) inapewa tarehe ya kuanza kutumika. Nikiambiwa Ijumaa kwamba bei mpya inaanza Jumatatu, naiingiza Ijumaa hiyohiyo. Ankara za Jumamosi zinatoka na bei ya zamani, za Jumatatu zinatoka na mpya, sihitaji kumkumbusha mtu. Odoo nayo ina tarehe ya kuanza na ya kuisha kwenye kila kanuni, wengi tu hawaigusi. Ile nondo ya Chunya isingekupita.

MwenyeDuka_Mby
Nimewaelewa vizuri sana. Je, huyu wa Ilembo akija kuchukua mifuko miwili ya saruji ya kujengea choo chake, naye apewe bei ya jumla? Na nikimpelekea mzigo, usafiri niuweke ndani ya bei?

DadaUyole
Kaka, kanuni ina sehemu ya idadi ya chini. Weka kwamba bei ya jumla inaanza mifuko 50, akichukua miwili inarudi ya rejareja. Ila angalia kipimo! Idadi hiyo inahesabiwa kwa kipimo cha msingi cha bidhaa. Kama misumari umeisajili kwa kilo na boksi lina kilo 25, ukiandika 10 ukidhani ni maboksi, mtu wa kilo 10 ataipata bei ya jumla kiulaini.

Usafiri uweke mstari wake kwenye ankara, usajiliwe kama huduma: Chunya bei yake, Ilembo bei yake. Ukiufukia kwenye saruji, anayekuja na gari lake atakuuliza kwa nini anamlipia mwenzake mafuta, na atakuwa na haki.

KeshiaMzoefu
Mnamsema keshia bure. Umewahi kumtafuta mteja kwenye hiyo mashine watu kumi wamesimama? Kuna "Fundi Juma", "Juma fundi", "Juma Ilomba" na "JUMA", wote mtu mmoja. Safisha majina kwanza. Kila fundi asajiliwe mara moja kwa namba ya simu, na orodha yake ya bei ifungwe kwenye kadi yake. Keshia anaandika namba, jina linakuja, bei inajileta.

Ukimaliza, ingia mipangilio ya kaunta uwashe ile inayomzuia keshia kubadili bei, abaki meneja tu. Usianze na kufunga kabla ya kusafisha, utakuwa unaitwa kaunta kila dakika.

Tunduma_Mpakani
VAT mmeiruka. Amua kama bei ya kwenye kadi ina VAT ndani au haina, na usichanganye. Bidhaa ya 118,000 yenye VAT ndani, bila VAT ni 100,000, yaani unagawa kwa 1.18. Nimeona watu wanatoa asilimia 18 ya 118,000 wanapata 96,760. Mkandarasi anashukuru, 3,240 imekwenda.

Na akitokea wa kukushawishi ufungue orodha ya dola kwa ajili ya wanunuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mfumo unakubali, ila kanuni za serikali za 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Baki na shilingi.

MwenyeDuka_Mby
Ahsanteni sana. Naanza na majina ya mafundi, kisha saruji, nondo na bati. Wakandarasi wa mkopo je, niwawekee bei ya juu kidogo?

Mhasibu_Ipogolo
Hapana, hapo utazaa orodha ya tano. Bei yao iwe ileile, mkopo uuweke kwenye masharti ya malipo: siku 30, na ukomo wa deni kwa kila mmoja. Anayelipa taslimu mpe punguzo kwenye ankara yake.

Mwananchi_Makambako
Siku 30 za mkandarasi wa huku zinageuka miezi mitatu mkuu, weka 14.