Mwanariadha akishindwa, tusikimbilie kusema "hana moyo"

Mleta mada

Wadau, kuna kauli inayonikera kila mashindano makubwa yanapoisha. Mkimbiaji akiachwa mita 200 za mwisho, mchezaji akipaisha penalti, bondia akikataa kuinuka kwenye kigoda chake, hukumu inatoka papo hapo: "Hana moyo. Kichwa chake chepesi." Akishinda, tunaambiwa ameshinda kwa akili, na penye nia pana njia.

Sikatai kwamba akili ina nguvu. Ninachokataa ni kuichukulia kama kipaji ambacho mtu anacho au hana. Akili hujengwa mazoezini, siku kwa siku, kama mapafu na misuli. Wengi wanaoitaja sana wanaitumia kufunika maandalizi mabovu.

Chukueni fainali ya kuogelea mita 200 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008. Miwani ya Michael Phelps iliingia maji, akafika sehemu ya mwisho ya mbio haoni kitu. Akahesabu mikono. Aligusa ukuta kwa dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi ya dunia. Ujasiri? Ndiyo. Lakini kuhesabu mikono kunamsaidia nini mtu ambaye hajaogelea bwawa lile mara zisizo na idadi hadi mwili wake ukajua ukuta uko mikono mingapi mbele? Tena kocha wake, Bob Bowman, alikuwa akimzoesha kuziona mbio nzima kichwani, pamoja na yale yanayoweza kuharibika. Ule utulivu aliufanyia kazi.

Halafu mkumbukeni Asamoah Gyan, Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, penalti ya kuipeleka Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Akagonga mwamba. Dakika chache baadaye zikaja penalti za kuamua mshindi, na aliyetangulia kupiga kwa upande wa Ghana alikuwa yeye yule, akafunga. Mimi sijaona kichwa kigumu kuliko hicho. Ghana ilitolewa kwa 4-2. Kumbe mtu anaweza kuwa na moyo wote unaotakiwa na bado akashindwa. Lakini mpaka leo watu wanaikumbuka ile ya kwanza tu.

Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, bado umeipa akili sifa nyingi mno. Angalia Eliud Kipchoge. Oktoba 2019 kule Vienna alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima ikasema ni nguvu ya fikra. Tukasahau kwamba alikuwa na waweka kasi 41 wanaopokezana, gari mbele linalochora mstari wa mwanga barabarani, njia tambarare, viatu maalumu. Ndiyo maana muda ule haukuingizwa kwenye rekodi rasmi.

Kisha nenda Paris 2024. Mtu ni yuleyule, nidhamu ni ileile, umri miaka 39. Mgongo ukamkatalia, akaacha mbio. Fikra zake zilipungua wapi? Mwili ndio unaoamua, akili inaambatana nao.

Mchangiaji wa pili

Napinga. Kuna jambo limepimwa na wataalamu, si hadithi. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake waliwachukua watu 16, wakawapa dakika 90 za kazi ya kuchosha akili kwenye kompyuta, kisha wakawapandisha baiskeli ya mazoezi wakanyage hadi washindwe. Siku nyingine watu haohao walitazama filamu tulivu kwa muda huohuo kabla ya kupanda. Akili ikiwa imechoka, walidumu wastani wa sekunde 640. Ikiwa imepumzika, 754. Mapigo ya moyo na matumizi ya oksijeni havikueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni jinsi kazi ilivyowaelemea.

Kuna na jaribio la waendesha baiskeli waliosukutua maji yenye wanga na kuyatema. Wakaongeza kasi kidogo katika safari ya saa moja, ingawa hakuna kilichoshuka tumboni. Ubongo ulionja tu, ukalegeza breki.

Na Roger Bannister je? Kwa miaka watu waliamini maili moja chini ya dakika 4 haiwezekani. Tarehe 6 Mei 1954 akakimbia 3:59.4, na siku 46 baadaye John Landy akashuka hadi 3:57.9. Ukuta ulikuwa kichwani.

Mleta mada

Hilo la baiskeli nalikubali bila ubishi, na naona linanisaidia mimi: kama akili inachoka, basi inahitaji kupumzishwa na kupangiwa ratiba. Kocha anayemkeshesha kijana kwenye kikao cha lawama usiku wa kuamkia mashindano amemwibia sekunde zake.

La Bannister ndilo linanisumbua, kwa sababu linasimuliwa nusu. Gunder Hägg alikimbia 4:01.4 mwaka 1945. Landy mwenyewe alikuwa amekwishafika dakika 4 na sekunde 2 mara kadhaa kabla ya Mei 1954. Hao si watu waliofungwa na imani, ni watu waliobakisha hatua chache. Bannister aliwekewa kasi na Chris Brasher na Chris Chataway, na Landy alipovunja rekodi kule Turku, Chataway huyohuyo alikuwa nyuma yake akimsukuma. Imani ilisaidia, lakini palikuwa na mtu wa kukimbizana naye.

Kocha wa vijana

Ninyi mnabishana juu ya mabingwa. Mimi nina watoto wa miaka 14 na 15, na ninachotaka kujua ni nifanye nini uwanjani. Kumwambia mtoto "kuwa na moyo" hakumfundishi kitu. Nilichojaribu: penalti tunapiga mwisho wa mazoezi, miguu imechoka, mpigaji anatembea peke yake kutoka duara la kati, wenzake wamesimama kimya. Geir Jordet, aliyezichunguza penalti kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa wanaoharakisha kupiga mara filimbi inapolia hukosa zaidi. Kwa hiyo nawafundisha pumzi moja ndefu baada ya filimbi, ndipo waanze kukimbilia mpira. Ni kitu kidogo, lakini mtoto ana la kufanya badala ya kuogopa tu.

Lakini nina swali. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki, alipojitoa kwenye fainali ya timu, Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, wazazi waliniuliza kama huo ndio mfano wa kuwaonyesha watoto. Sikuwa na jibu zuri.

Mleta mada

Kocha, jibu lipo kwenye ule mruko wenyewe. Alipanga kujizungusha mara mbili na nusu hewani, akazunguka mara moja na nusu, kwa sababu alipoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo. Katika mchezo ambao ukitua vibaya unavunja shingo, kutambua hilo na kusimama ni kazi ya akili iliyo timamu. Hata hivyo alirudi Tokyo hapohapo akachukua shaba kwenye boriti, na Paris 2024 akaondoka na dhahabu tatu na fedha moja. Waambie wazazi hivyo.

Mkimbiaji wa zamani

Nimekuwa nikisoma tu, ila hapa lazima niseme. Sote tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968. Alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani giza limeshatanda, goti limefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kati ya 57. Namheshimu hadi leo.

Lakini katika mbio zilezile walianza 75. Kumi na nane hawakumaliza, juu kule kwenye hewa nyepesi ya mita 2,240. Mmoja wao ni Abebe Bikila, aliyeshinda Rome 1960 pekupeku na Tokyo 1964 wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mguu ulikuwa umeumia, akatoka kabla ya nusu ya safari. Nani atasema Bikila hakuwa na moyo?

Mimi sikusimuliwa habari ya Bikila. Nilisimuliwa ya Akhwari tu, na nilipolalamika mfupa wa muundi unauma niliambiwa maumivu yako kichwani. Nikaendelea. Nilipopigwa picha ya eksirei mfupa ulikuwa na ufa. Nilikuwa na miaka 19, na kasi yangu haikurudi tena.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Ila kila mkimbiaji anaumia mahali fulani. Kocha angejuaje kwamba yako si uchovu wa kawaida?

Mkimbiaji wa zamani

Uchovu unauma miguu yote miwili, na ukilala unapungua. Wangu ulikuwa sehemu moja, upana wa kidole gumba, na usiku ulikuwa unaniamsha. Hayo ningeweza kuulizwa, hakuna aliyeuliza. Na kuanzia wiki ya pili nilikuwa nachechemea kila ninapopasha mwili moto, mbele ya kocha na timu nzima.