Takotsubo: mama ana maumivu ya kifua baada ya msiba na kituo hakina eko, tuanzie wapi?

Tabibu_wa_Zamu:

Wakuu, habari za kazi. Naandaa somo fupi kwa watumishi wa kituo cha afya kuhusu takotsubo, ule ugonjwa wa moyo unaoletwa na mshtuko au msongo mkali na unaowapata zaidi akina mama waliopita ukomo wa hedhi.

Mfano nitakaoutumia: mama wa miaka 64, ana presha, anatumia amlodipini. Saa mbili asubuhi kapigiwa simu ya msiba. Saa nne yuko mapokezi kashika kifua, jasho linamtiririka, anahema. Kituoni tuna ECG (mchoro wa umeme wa moyo), kipimo cha haraka cha troponini (protini inayomwagika kwenye damu misuli ya moyo ikiumia), aspirini na oksijeni. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hakuna, na hospitali yenye eko iko mwendo wa saa tatu kwa gari.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Kuna namna ya kuitofautisha na mshtuko wa moyo wa kawaida palepale kituoni? Dawa zipi zinaweza kumdhuru? Na ndugu waambiwe nini, maana wengi watasema "ni mawazo tu, mpeni maji apumzike"?

---

Dkt_Mishipa:

La kwanza: hakuna. Hilo lianze kabla ya mengine yote kwenye somo lako. ECG ya takotsubo inaweza kuonyesha ST (kipande cha mstari wa mchoro) imepanda kuanzia V2 hadi V5 (nyaya za kifuani), sawasawa na ya mtu ambaye mshipa wa mbele umeziba. Troponini nayo hupanda. Tofauti ni kwamba hupanda kidogo ukilinganisha na sehemu kubwa ya ukuta wa moyo iliyolala, lakini ukubwa wa sehemu hiyo utauonaje bila eko? Msiba nao si ushahidi. Huzuni hiyohiyo inaweza kupasua utando wa mafuta kwenye mshipa ikaleta mshtuko wa moyo wa kweli.

Kwa hiyo saa za mwanzo ni mshtuko wa moyo mpaka mishipa ionekane. ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. Aspirini 300 mg aitafune, asiimeze nzima. Fungua njia ya mshipa. Oksijeni mpe kama kipimo cha kidole kiko chini ya 90%, zaidi ya hapo haimsaidii. Rudia ECG kila akilalamika upya, na piga simu ya rufaa mapema, usisubiri troponini ya pili.

Kama ST imepanda na hatafika kwenye angiografia (picha ya mishipa ya moyo) ndani ya dakika 120, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa vigezo vilevile vya siku zote. Usimnyime kwa sababu tu "amefiwa". Ila muulize kwanza kuhusu kichwa. Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kutapika, shingo ngumu au fahamu kupungua: hapo simamisha. Damu kuvuja kwenye utando wa ubongo ni kichochezi kinachojulikana cha takotsubo, na huleta ECG ya kutisha kabisa. Ukimchoma streptokinesi, mojawapo ya dawa hizo za kuyeyusha, mgonjwa wa namna hiyo utamuua. Huyo anahitaji CT ya kichwa kwanza.

Kinachotokea ndani: adrenalini na ndugu zake humwagika kwa wingi kupita kiasi. Mwaka 2005 Wittstein na wenzake wa Johns Hopkins walipima damu za wagonjwa wakakuta viwango mara mbili hadi tatu ya vile vya watu wenye mshtuko wa moyo mkali. Ncha ya moyo inaaminika kuwa na vipokezi vingi zaidi vya adrenalini, basi hupigwa ganzi na kutuna, huku sehemu ya juu ikikaza kwa nguvu. Moyo unabaki na shingo nyembamba na tumbo la mviringo. Wajapani walioueleza mwaka 1990, Sato na wenzake wa Hiroshima, walikumbuka mtungi wa kutegea pweza, takotsubo. Kwa wasomaji wa Pwani: sisi pweza tunamchokoa mwambani maji yakitoka, wao humzamishia mtungi, akaingia mwenyewe kujificha.

---

EkoKilaSiku:

Naongezea upande wa picha, ili hata wasio na mashine wajue waandike nini kwenye rufaa.

Mshipa mmoja ukiziba, ukuta unaolala ni ule unaolishwa na mshipa huo. Kwenye takotsubo ulegevu huvuka mipaka ya mshipa mmoja: mbele, chini na pembeni pamoja, kama mkanda unaozunguka. Umbo la ncha kutuna ni takriban wanne kati ya watano. Wengine hulegea katikati tu, wachache juu huku ncha ikifanya kazi vizuri, na hapo ndipo watu hudanganyika kwa sababu mtungi hauonekani.

Tahadhari moja: mshipa wa mbele ukiwa mrefu na kuzunguka ncha, kuziba kwake hutoa picha inayofanana sana. Eko peke yake haimalizi kesi. Angiografia ndiyo humaliza, na kwa Tanzania hilo linafanyika mahali kama JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Kila eko ya siku ya kwanza ijibu mambo mawili zaidi. Moja, kuna damu iliyoganda kwenye ncha? Rudia kutazama siku zinazofuata, kwa sababu bonge linaweza kutokea baadaye ncha ikiwa bado imelala, kisha likarukia ubongoni. Pili, njia ya damu kwenda aota (mshipa mkuu utokao moyoni) imebanwa? Sehemu ya juu ikikaza mno huvuta jani la mitrali (vali ya upande wa kushoto wa moyo) mbele, likaziba njia. Bila eko, dalili yake ni presha iliyoshuka pamoja na mlio mpya wa "shuuu" kati ya pigo la kwanza na la pili. Ukiusikia, uandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya rufaa.

---

Mfamasia_Kona:

Hapo penye "shuuu" ndipo dawa zinapoua. Presha imeshuka, mkono wa daktari unakimbilia dobutamini au adrenalini, dawa za kuongeza nguvu ya moyo. Njia ikiwa imebanwa, dawa hizo hukaza sehemu ya juu zaidi, njia inazidi kuzibwa, presha inashuka zaidi, naye anaongeza dozi. Nitreti chini ya ulimi (hupanua mishipa) na furosemidi (hutoa maji mwilini) nazo hupunguza damu inayojaza moyo, matokeo ni yaleyale. Kama mapafu ni makavu, huyo hupewa maji kidogokidogo, 250 ml huku ukisikiliza mapafu, na wenye eko na ICU huongeza beta-bloka (dawa ya kutuliza moyo) ya muda mfupi. Kama mapafu yamejaa maji na presha iko juu na hakuna mlio, basi furosemidi na nitreti ziko mahali pake.

Jambo la pili ni QT, yaani muda kwenye ECG ambao umeme wa moyo hutumia kila pigo; ukirefuka sana mapigo yanaweza kuvurugika. Hurefuka kuanzia siku ya pili au ya tatu, wakati mgonjwa anaonekana amepata nafuu na ndugu wanauliza ruhusa. Angalia chati: azithromaisini, siprofloksasini, haloperidoli, ondansetroni, amitriptilini, kwinini. Zote hurefusha QT. Pima potasiamu, ibaki juu ya 4.0. Mapigo yakianza kujisokota, magnesiamu salfeti 2 g kwenye mshipa kwa dakika 10. Dawa hii kwa kawaida huwa kwenye wodi ya wazazi, kwa hiyo "haipo" si jibu.

---

Tabibu_wa_Zamu:

Asanteni sana. Nimeona kuna alama za InterTAK, za kukadiria uwezekano wa takotsubo. Zinafaa kituoni?

---

Dkt_Mishipa:

Zinafaa kufundishia, si kumzuia mtu asipelekwe. Hesabu ni hii: mwanamke 25, kichochezi cha hisia 24, kichochezi cha mwili 13, ST kutoshuka 12, historia ya ugonjwa wa akili 11, ugonjwa wa mfumo wa fahamu 9, QTc (QT iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo) ndefu 6. Jumla 100. Zaidi ya 70 uwezekano ni mkubwa.

Mpigie hesabu mama wako: 25 + 24 + 12 = 61. QTc ikiwa ndefu, 67. Bado hajafika 70, na hadithi yake ni ya takotsubo ya kitabuni! Akiwa na sonona iliyowahi kutibiwa anafika 78. Na kama ST imepanda, alama usizihesabu kabisa, anaenda angiografia.

Usijenge somo lote juu ya msiba. Rejesta ya InterTAK iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuwa na wagonjwa 1,750. Karibu 90% walikuwa wanawake, wastani wa umri miaka 67. Vichochezi vya mwili, kama upasuaji, nimonia, shambulio la pumu, vilikuwa 36%. Vya hisia 27.7%. Na 28.5% hawakuwa na kichochezi chochote kilichoonekana. Kwa nini akina mama wa umri huo? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kushuka kwa estrojeni, ambayo hulegeza mishipa na kupunguza ukali wa adrenalini. Hayajakamilika, lakini ndiyo tuliyonayo.

Mama mwenye miaka 30 aliyejifungua karibuni asiingizwe haraka kwenye kapu hili. Kwake fikiria moyo kushindwa baada ya uzazi, na mshipa wa moyo kuchanika wenyewe.

---

Sista_Wodi4:

Kuhusu ndugu. Neno "mawazo tu" ndilo linalomrudisha mgonjwa nyumbani. Waambieni hivi: "Misuli ya moyo wa mama imepigwa ganzi na homoni za mshtuko. Moyo wenyewe umeumia, hajifanyi. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa, lakini siku za mwanzo anaweza kufariki." Katika rejesta hiyohiyo, takriban 4% walifia hospitalini, hivyo hamtii watu hofu ya bure.

Wasimbebe kumpeleka mazishini akitokea wodini. Hili huombwa kila mara, na siku ya mazishi mara nyingi ndiyo ileile ambayo QT iko ndefu. Zungumzeni na mkubwa wa familia mapema, si asubuhi gari likisubiri getini.

Akiruhusiwa, kadi iandikwe jina la ugonjwa, tarehe ya eko ya marudio (wiki 4 hadi 6, na tena miezi 3 kama haujarudi sawa) na dawa. Moyo usiporudi sawa kwa miezi 3, utambuzi utazamwe upya.

---

Tabibu_wa_Zamu:

Aendelee na propranololi ili isijirudie?

---

Mfamasia_Kona:

Propranololi ni beta-bloka, na beta-bloka hazijaonyeshwa kuzuia isijirudie, na wapo walioupata wakiwa tayari wanazimeza. Dawa za kundi la enalaprili na losartani ndizo zilizoambatana na watu kuishi zaidi mwaka wa kwanza, angalau mpaka moyo urudi sawa. Na kama mama ana pumu, propranololi usiiguse kabisa. Kwake waandikie kwenye kadi kwamba salbutamoli ya mvuke itolewe kwa dozi ndogo inayotosha na mapigo yakitazamwa, ipratropiamu 0.5 mg iongezwe mapema. Asinyimwe mvuke akibanwa, maana kubanwa kwenyewe ni kichochezi.