Xbox 360 isiyo na waifai: adapta, rauta ndogo au nivute waya?

Kijana wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Nina Xbox 360 nyumbani, haina waifai, na nataka iingie mtandaoni. Kariakoo nimeonyeshwa adapta used kwa elfu 85. Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi, anasema kuna mteja mwingine anaivizia. Jamaa wa kazini ananiambia niachane nayo ninunue rauta ndogo niichomeke kwenye tundu la LAN, lile la waya wa mtandao. Mwingine anasema vuta waya tu yaishe. Mliowahi kutumia hivi vitu naomba msaada, kipi bora?

Chuma cha Moro:
Mkuu maelezo hayatoshi. Xbox 360 ziko za aina tatu: ile nene ya kwanza iliyotoka 2005, S ya 2010 na E ya 2013. S na E zina waifai humohumo ndani. Kama yako ni S na haishiki mtandao, usinunue adapta, una tatizo lingine. Halafu adapta yenyewe ni ipi? Ya zamani ya viwango vya waifai vya a/b/g au ya kiwango kipya zaidi cha N yenye antena mbili? Rauta iko wapi na wewe uko wapi? Intaneti yako ni ya faiba au rauta ya laini? Unataka kucheza na watu au kuapdeti tu? Jibu haya kwanza, vinginevyo kila mtu atakuuzia anachokipenda yeye.

Binti Makorora:
Naongezea, kuta za nyumba ni za nini? Tofali za simenti na nondo zinakula sana mawimbi, hasa ya 5 GHz.

Fundi Kisu:
Swali kubwa hamjauliza. Imechipiwa, yaani imevunjwa ulinzi ili icheze gemu zisizonunuliwa?

Kijana wa Tabata:
Asanteni. Ni ile nene nyeupe. Adapta ina antena mbili za kunyanyua. Rauta ipo sebuleni, mimi natumia chumba cha nyuma, katikati kuna jiko na kuta za tofali. Kuchipiwa sina uhakika, niliinunua kwa mtu ikiwa na gemu nyingi kwenye hadi diski, hazihitaji CD.

Fundi Kisu:
Gemu nyingi kwenye hadi diski na hakuna CD, hapo usitoe hela kabla hujahakikisha. Izime kabisa, kisha iwashe kwa kubonyeza kitufe cha kutolea CD badala ya kile cha kuwashia. Ikikuletea skrini ya maandishi mengi yanayoshuka, hiyo ni XeLL, programu inayowaka kwenye mashine zilizochipiwa tu, na mashine yako imefanyiwa RGH au JTAG, njia mbili za kuvunja ulinzi wake. Ukiipeleka kwenye seva za Microsoft ikiwa hivyo inafungiwa. Kinachofungiwa ni mashine yenyewe, hata ukifungua akaunti mpya haisaidii. Elfu 85 yako itakuwa imenunua mapambo.

Watu wengi wanauziwa hizi mashine bila kuambiwa. Mimi nikifungua ya mteja huwa namwonyesha chipu kwa macho yake, ajue alichonacho.

Babu Gemu:
Fundi umesema kweli, ila hata iliyochipiwa mtandao unaifaa. Unaweza kuhamisha mafaili kutoka kwenye kompyuta kwa FTP, njia ya kutuma mafaili kupitia mtandao, bila kuchomoa hadi diski. Ila kwa kazi hiyo waya ni bora zaidi, tundu la LAN la 360 linafika megabiti 100 kwa sekunde na halitetereki. Ongeza hapo kwamba duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Huwezi kununua gemu jipya humo. Ulizonunua zamani bado unaweza kuzishusha, na kucheza na watu bado kunawezekana kwa gemu ambazo seva zake zipo. GTA Online ya 360 ilizimwa tarehe 16 Desemba 2021, kwa hiyo kama ndiyo ulikuwa unaiwazia, sahau.

Chuma cha Moro:
Call of Duty za zamani bado zina watu. Julai 2023 waliporekebisha mfumo wa kutafuta wachezaji, watu walirudi kwa wingi. Ila kumbuka kucheza na watu kwenye 360 ni kwa kulipia usajili. Piga hesabu yote, usiangalie bei ya adapta peke yake.

Sasa kwa swali lako: mimi ni mtu wa rauta ndogo. Ninayo TP-Link TL-WR802N, kitu cha kuenea kiganjani. Unaiweka kwenye hali ya Client, inashika waifai ya sebuleni na kuitoa kwa waya mfupi wa LAN hadi kwenye Xbox. Xbox inajua tu kwamba imechomekwa waya. Hakuna cha adapta feki wala orijino. Ukiuza Xbox kesho, rauta unabaki nayo, unaifunga kwenye TV, kwenye king'amuzi, kwenye kompyuta ya mezani.

Kijana wa Tabata:
Kuiseti ni ngumu?

Chuma cha Moro:
Hapana. Unaichomeka kwenye laptop kwa waya wa LAN, unafungua ukurasa wake kwenye kivinjari, unachagua Client, inatafuta mitandao iliyo karibu, unachagua wako na kuweka pasiwedi. Inajizima na kuwaka upya. Hapo unahamisha waya kwenda Xbox, unaingia mipangilio ya mtandao, unachagua mtandao wa waya na kujaribu muunganisho. Anwani ya mtandao (IP) itatoka kwenye rauta ya sebuleni yenyewe. Jambo moja la kuzingatia: usiipe umeme kutoka kwenye tundu la USB la Xbox. Tundu lile limepangiwa miliampea 500 na rauta imeandikiwa ampea 1. Tumia chaja ya simu.

Mtaa wa Pili:
Mimi naomba niseme yaliyonikuta kwenye adapta, ili kijana asiingie kichwakichwa.

Nilienda dukani nikasema nataka adapta ya waifai ya Xbox 360. Muuzaji akatoa boksi, nje imeandikwa Wireless, picha ya Xbox ipo, bei tukaelewana. Nyumbani nachomeka nyuma, Xbox haioni chochote. Nachomeka mbele, hivyohivyo. Nikarudi dukani, wakasema mashine yangu mbovu. Nikabeba na mashine siku iliyofuata, wakaijaribu mbele yangu, haikushika, wakasema basi inataka apdeti. Nikatafuta mtu akaniwekea apdeti kwa flashi. Bado. Kumbe kile kifaa ni kipokezi cha padi! Ni kile cha kuchomeka kwenye kompyuta ya Windows ili utumie padi za Xbox 360 zisizo na waya. Hakina uhusiano wowote na intaneti. Kwenye boksi limeandikwa ni la kompyuta, maandishi madogo upande wa chini, na muuzaji alinihakikishia kwa mdomo wake kwamba ni la intaneti. Kurudishiwa hela walikataa, wakanipa nafasi ya kubadilisha kwa kuongeza.

Nikaongeza, nikapewa adapta ya kweli ya N. Hiyo ikawaka, ikaona mitandao ya majirani wote isipokuwa wangu. Nikadhani nayo ni feki. Shemeji yangu anayefanya kazi za mitandao alipokuja akafungua rauta, akakuta iko chaneli 13. Adapta na mashine za soko la Marekani haziendi zaidi ya chaneli 11. Akaiweka 6, jina likatokea. Nikaandika pasiwedi, ikakataa. Rauta ilikuwa imewekwa WPA3 tupu, teknolojia mpya ya ulinzi wa waifai ambayo Xbox ya miaka ile haiijui. Akashusha hadi WPA2, ikaingia papo hapo.

Sasa hivi inafanya kazi vizuri na siilaumu adapta. Ila mtu asikuambie ni kuchomeka na kucheza. Ukienda Kariakoo beba simu, waombe waichomeke kwenye Xbox nene pale pale, washa hotspoti yako ya 2.4 GHz, uone kwa macho inashika ndipo utoe hela. Muuzaji asiyekubali hilo, ondoka.

Binti Makorora:
Pole sana kaka. Hilo la WPA3 linawapata wengi sasa maana rauta mpya zinakuja nalo. Kama ndani kuna simu mpya pia, rauta nyingi zina chaguo la kuchanganya WPA2 na WPA3, jaribu hilo kwanza kabla ya kushusha nyumba nzima.

Mwana Kongowea:
Ndugu zangu, mbona mwajisumbua hivi? Elfu 85, usajili juu, hofu ya kufungiwa juu. Auze aongeze kidogo anunue PS3. Waifai imo ndani, kucheza na watu ni bure, na duka lake bado lafunguka. Sony walitangaza 2021 kwamba watalifunga, watu wakalalamika, wakaghairi. Huku Mombasa mimi na vijana wa mtaani twacheza hivyo miaka yote.

Babu Gemu:
Si PS3 zote zina waifai. Ile ya GB 20 ya 2006 haikuwa nayo.

Mwana Kongowea:
Hiyo ya GB 20 wewe umeiona wapi Afrika Mashariki? Mimi sijaiona kwa macho yangu.

Babu Gemu:
Kuiona si hoja, nasahihisha tu. Na waifai ya PS3 ni b na g, haina N. Kwenye nyumba yenye kuta kama za huyu kijana, adapta ya N yenye antena mbili itaishinda.

Mwana Kongowea:
Sawa mzee wangu, kwa antena nakubali. Lakini gemu la mpira halihitaji kasi kubwa, lahitaji mtandao usiokatika.

Fundi Kisu:
Hapo Mwana Kongowea umegusa penyewe. Ndiyo maana mimi nasema waya. Kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma ni mita ngapi, kumi na tano? Waya wa LAN unavumilia hadi mita 100. Unaupitisha juu ya silingi bodi, unashuka kwenye kona ndani ya tranki, vichwa viwili vya RJ45, fundi anabana kwa dakika chache. Ukuta wa jiko hauna habari na waya. Jirani akiweka rauta mpya hauna habari na jirani. Mnashindana adapta na rauta ndogo wakati zote mbili zinapita kwenye hewa ileile iliyojaa.

Kijana wa Tabata:
Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki kutobolewa.

Fundi Kisu:
Hilo ungelisema mwanzo! Basi pitisha chini ya mlango ukifuata ukingo wa ukuta, kuna waya bapa. Hautapendeza lakini utacheza.

Binti Makorora:
Hujajibu swali la faiba au laini.

Kijana wa Tabata:
Rauta ya laini, 4G.

Binti Makorora:
Sasa hapo kuna jambo ambalo adapta, rauta ndogo wala waya hautaliponya. Mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya nje. Xbox ikijipima itakuambia NAT yako (namna vifaa vinavyoshiriki anwani hiyo moja) ni Strict, yaani imebanwa. Maana yake unaingia mtandaoni sawa, lakini unaweza kuunganishwa na watu wachache tu, sauti za wenzako zinapotea, na kuwa mwenyeji wa mechi ndiyo usahau. Kwenye faiba ungefungua UPnP, inayoiachia rauta ifungue milango yenyewe, au ungeelekeza poti (mlango wa data) 3074 ya UDP na TCP, pamoja na 88 ya UDP, mambo yakaisha. Kwenye laini unaweza kuwasha UPnP kwenye rauta yako na bado mlango wa juu, wa kampuni, ukabaki umefungwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote fanya jaribio la bure. Una laptop? Iunganishe na waifai, chomeka waya wa LAN kutoka laptop hadi Xbox, halafu kwenye Windows ruhusu kushiriki intaneti kupitia tundu la LAN. Xbox itapata anwani inayoanza na 192.168.137. Jaribu muunganisho. Laptop yenyewe inaongeza NAT nyingine katikati, kwa hiyo usihukumu kwa hiyo NAT peke yake, angalia kama unaingia na kama MTU, ukubwa wa pakiti moja ya data, inapita. Xbox inataka isipungue 1364.

Chuma cha Moro:
Dada umemaliza. Ila afanye kwanza lile jaribio la kitufe cha CD, asije akaipeleka mtandaoni ikafungiwa kwenye majaribio.

Kijana wa Tabata:
Nimejaribu sasa hivi. Imeleta maandishi mengi kwenye skrini ya bluu.

Fundi Kisu:
Ni RGH au JTAG hiyo. Usiiguse na intaneti mpaka tuongee. Kuna namna ya kuzuia seva za Microsoft kwenye faili la mipangilio ya Dashlaunch, programu ya mashine zilizochipiwa, ili uhamishe mafaili ndani ya nyumba bila kutoka nje.

Mtaa wa Pili:
Basi kijana mwambie muuzaji ampe huyo mteja mwingine.

Kijana wa Tabata:
Bado naiwaza intaneti, maana mdogo wangu ana 360 S isiyochipiwa na alitaka tubadilishane. Ila yake ilitoka Marekani, ile pakiti kubwa ya umeme ni ya volti 110. Naweza kuichomeka huku?

Babu Gemu:
Usiichomeke moja kwa moja, itaungua. Pakiti za Xbox 360 za Marekani ni za volti 100 hadi 127 tu, huku tuna 230. Ama tafuta pakiti ya 230 ya S, maana kichwa chake hakifanani na cha ile nene, ama transfoma ya kushusha. Unayo ya wati ngapi?

Kijana wa Tabata:
Ipo ya redio ya mzee, wati 100.

Babu Gemu:
Ndogo hiyo. Pakiti ya S peke yake imeandikwa wati 135. Ulizia pakiti ya 230 hukohuko Kariakoo, na uiangalie maandishi ya nyuma kabla ya kulipa.