Mjadala: Ringu ya 1998 na The Ring ya 2002, ni ipi hasa inayotisha?

Wadau, kuna hoja ninayokutana nayo kila zinapotajwa filamu za kutisha: kwamba Wamarekani walipoichukua hadithi ya mkanda unaoua waliipiku filamu ya Kijapani kwa kila kitu, picha, uigizaji, kasi na hofu yenyewe. Eti sisi tunaoitetea ya kwanza tunaongozwa na "ya kale ni dhahabu" tu. Naikataa hoja hiyo. Natahadharisha mapema kwamba nitafichua mwisho wa zote mbili, kwa hiyo ambaye hajazitazama akazitazame kwanza, mjadala utamsubiri.

Kwa aliyesahau: Ringu iliongozwa na Hideo Nakata, ikatoka 1998, na chimbuko lake ni riwaya ya Koji Suzuki. Mwandishi wa habari aitwaye Reiko anafuatilia vifo vya vijana waliotazama mkanda wa video. Ukishautazama, simu inalia, na baada ya siku 7 unakufa. Miaka 4 baadaye Gore Verbinski akaitengeneza upya huko Marekani. Reiko akawa Rachel, akiigizwa na Naomi Watts, na Sadako, mzimu wa mkanda huo, akawa Samara.

Haki ya toleo la Marekani siifichi. Tukio la farasi kwenye kivuko, anayevunja kizuizi, kukimbia huku na huko kwa kiwewe na hatimaye kujirusha baharini, halimo kabisa katika Ringu, na ni miongoni mwa matukio yaliyonikaa moyoni kuliko mengi niliyowahi kuyaona. Rangi zile za kijivu na kijani, mvua isiyokatika, Watts mwenyewe: hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye mkanda. Katika Ringu tunaona mwanamke akichana nywele mbele ya kioo, herufi zinazotambaa kama wadudu, mtu aliyefunikwa kitambaa kichwani akinyoosha kidole, kisha kisima. Baadhi ya picha hizo tunakuja kuzielewa. Lakini yule mtu mwenye kitambaa hatuambiwi kamwe ni nani. Anabaki kichwani mwako. Katika The Ring ngazi, kiti, mti unaowaka, farasi waliokufa na mwanamke anayejitupa kutoka jabalini karibu vyote Rachel anavikuta njiani, kimoja baada ya kingine. Mtazamaji anatafuniwa. Mkanda uliopaswa kuwa laana umegeuka ramani.

Tazameni pia namna mzimu unavyotoka kwenye televisheni. Sadako aliigizwa na Rie Inō, aliyetembea kinyumenyume, kisha picha ikachezeshwa kurudi nyuma ili ionekane anakuja mbele. Ndiyo maana viungo vyake vinakwenda ndivyo sivyo: bega linatangulia pasipotarajiwa, mguu unatua kama haujui sakafu iko wapi. Anatambaa, tunaona vidole visivyo na kucha. Nywele zimefunika uso wote, na mwisho tunaonyeshwa jicho moja tu, limegeuka, linatazama chini. Uso hatuuoni. Samara naye anakatika-katika kama picha ya televisheni yenye mawimbi mabovu, ubunifu mzuri kwa kweli, lakini uso wake tunaonyeshwa, umeharibiwa kwa vipodozi vya kitaalamu. Mimi nikishauona uso, najua ninachokiogopa, na hofu inaanza kupungua.

Wapo watakaosema Ringu inakwenda polepole. Ndiyo, inakwenda polepole. Siku 7 zinahesabiwa, na unazihisi.

Naomba nisieleweke kwamba napinga kurudia filamu. The Thing ya John Carpenter, 1982, kwangu inaizidi kwa mbali ile ya 1951. Ya zamani ina kiumbe unachoweza kukiona kikija mlangoni. Carpenter alirudi kwenye wazo la hadithi ya John W. Campbell, la kiumbe kinachojigeuza kuwa mtu yeyote, hofu ikahama kutoka mlangoni ikaingia kati ya wenzako mlioketi pamoja. Upande wa pili iko Psycho ya 1998, ambayo Gus Van Sant aliifuata ile ya 1960 karibu picha kwa picha, akaweka rangi. Picha zilikuja, hofu haikuja. Kwa hiyo swali ninalouliza filamu yoyote iliyorudiwa ni hili: ile hofu ya kwanza umeipeleka wapi?

Na hapo ndipo The Ring inaponiangusha, dakika za mwisho kabisa. Kanuni ni ileile katika zote mbili: ili mtoto wa mwandishi huyo, ambaye naye ameutazama mkanda, apone, mkanda unakiliwe na mtu mwingine auone. Katika The Ring mama anamsaidia mwanawe kunakili. Mtoto anauliza, huyo tutakayemwonyesha atapatwa na nini? Mama hajibu. Ni swali zito, sikatai, lakini huyo atakayekufa hatumjui. Hana uso wala jina.

Katika Ringu anayefuata tunamjua. Reiko yuko ndani ya gari, anampigia simu baba yake mzazi, anamwambia ana ombi, na ni kwa ajili ya Yoichi, mjukuu wake. Huyu ndiye mzee aliyempokea mtoto nyumbani kwake, na ni katika nyumba hiyohiyo mtoto aliutazama mkanda. Hakuna kelele, hakuna mzimu, ni barabara tu na mawingu mazito mbele. Mwanamke tuliyekuwa tukimwombea tangu mwanzo anampelekea baba yake kifo, na sauti yake kwenye simu imetulia. Mara ya kwanza nilipoiona sikuwaza Sadako hata kidogo usiku ule. Nilimuwaza yule mzee, ambaye bila shaka atakubali, kwa sababu ni mjukuu.

Basi anayeitetea The Ring anijibu hili moja: kwa nini babu aliondolewa, na kilichowekwa mahali pake kinatisha kuliko yeye kwa lipi?