Malcolm X aliacha utengano, au aliacha chuki tu?

Wakuu, kila Februari, mwezi aliouawa Malcolm X, yule mtetezi wa weusi wa Marekani, narudi kuisikia kauli ileile: alikwenda hija, akakuta waumini wa kila rangi, akarudi ameachana na siasa za kujitenga. Mimi siikubali, na naomba tubishane kwa hoja. Nampenda mno mtu huyu kuona maisha yake yakifanywa hadithi ya toba.

Tuanzie 1959. Mwaka huo Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi wa Marekani lililohubiri kujitenga na wazungu, alimtuma Misri, Sudan na Saudi Arabia. Waislamu weupe aliwaona huko, miaka 5 kabla ya hija. Akarudi nyumbani, akaendelea kuhubiri kuwa mzungu ni shetani wa kuzaliwa na kwamba weusi wapewe nchi yao. Macho alikuwa nayo. Kilichomfunga ni utii kwa mwalimu wake. Utii huo ulimfikisha Atlanta, Januari 1961, akaketi meza moja na watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kuzungumzia ardhi ya kujitenga. Siri hiyo aliitoa mwenyewe hadharani siku chache kabla ya kifo chake.

Machi 1964 akajitoa Nation of Islam. Tarehe 3 Aprili yuko Cleveland anawahimiza weusi watumie kura zao, wakati kundi alilotoka lilikuwa likijiweka mbali na siasa za uchaguzi. Makka alikuwa bado hajafika. Kwa hiyo mabadiliko yalianza kabla ya ihramu.

Hija ilifanya kazi kubwa, sikatai. Aliandika kutoka huko kwamba amekula sahani moja na Waislamu wenye macho ya buluu na nywele za dhahabu. Kwa mtu aliyekulia alikokulia, kumega chakula sahani moja na mtu wa namna hiyo si jambo dogo. Lakini Juni mwaka huohuo, akiwa ametoka hija juzi tu, alianzisha OAAU, jumuiya ya umoja wa Waamerika weusi, na wazungu hawakuruhusiwa kuwa wanachama. Aliwaambia wenye nia njema wakapambane na ubaguzi kwa wenzao, kwenye mitaa yao, maana huko ndiko uliko. Wanaosema aliishia kuwa kama Martin Luther King, aliyetaka weusi na weupe waishi pamoja, wanisaidie hapo.

Kwangu mimi, tukio zito kuliko Makka ni la Ghana, Mei 1964. Malcolm alimweleza balozi wa Algeria kuwa falsafa yake ni uzalendo wa weusi, yaani weusi wajitawale na kuendesha mambo yao wenyewe. Balozi, mwanamapinduzi ambaye kwa sura ungemwita mzungu, akamuuliza: basi mimi unaniweka wapi? Na wanamapinduzi wa Misri, Iraki, Mauritania? Swali hilo lilimkaa. Hata Oktoba, alipopita Dar es Salaam na kukutana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wa Zanzibar, alikuwa katika safari ileile ya kutafuta umoja mpana kuliko rangi. Desemba, Babu akapanda jukwaani kwake New York.

Januari 1965, akisimulia habari ya balozi yule, Malcolm alikiri kuwa kwa miezi kadhaa hakuwa amelitumia tena neno hilo la uzalendo wa weusi, na kwamba angepata taabu kuipa falsafa yake jina. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Februari, akauawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 39.

Kwa hiyo nawauliza: jina hilo lingekuwa lipi?