Mwisho wa Reli

*Majirani Wema Mwanga, Kigoma. Ijumaa.*

Mwenyekiti Mtaa: Mwakeye wote. Naomba kuuliza kwa nia njema. Nani anawalaza wale marehemu?

Shukuru Boda: Marehemu gani tena mwenyekiti

Mwenyekiti Mtaa: Wenye nywele. Walioshuka na treni jana. Nimehesabu kumi na wanane pale stesheni.

Mama Gesti: Kumi na mmoja wako kwangu, vyumba vya uani. Wamelipa kwa sarafu zenye kichwa cha malkia. Nikapokea tu.

Mama Zawadi Duka: Mama Gesti unalaza maiti???

Mama Gesti: Maiti haombi chai. Hawa wanaomba chai, tena ya maziwa.

Fundi Hamisi Cherehani: Mimi nina malalamiko. Pini zangu za mitandio zimekwisha zote. Mmoja kajibana pua na sikio kwa pini moja, akigeuka uso mzima unageuka. Nikamwambia kijana, hizo ni za wateja. Akasema na yeye ni mteja.

Juma Dar: Hao ni panki hao. Si mnaona viduku

Mama Zawadi Duka: Mapanki si ile mifupa ya sangara ya Mwanza?

Mwl. Mstaafu: Hapana Mama Zawadi, ingawa kwa sasa hawajatofautiana sana. Hawa ni panki wa Ulaya na Marekani. Mimi nilikuwa Leeds 1981 kimasomo, nikawa nawaona stendi ya basi wamejipanga kama kunguru. Mambo yalianzia New York, kwenye kilabu kimoja cha muziki kinaitwa CBGB, yakashika moto London mwaka 1976. Vijana hawana kazi, wakaona basi na adabu nayo ya nini. Kauli yao kubwa ilikuwa kwamba hakuna kesho.

Juma Dar: Sasa kama hakuna kesho wamefikaje Mwanga 😂

Mwl. Mstaafu: Ndiyo hivyo hivyo walivyofika. Nimemhoji mmoja, yule mwenye mnyororo wa baiskeli shingoni. Anasema walipokufa wakapangwa foleni, wakakataa foleni. Karani akawauliza mnakwenda wapi, wakajibu mbele hakuna. Karani kapekua ramani nzima akitafuta mahali pasipokuwa na mbele. Reli yetu ilifika hapa 1914, ikakuta maji, ikakaa chini. Wakakatiwa tiketi.

Shukuru Boda: Kwa hiyo ahera yao ni sisi

Mwl. Mstaafu: Kwa maelezo ya karani, ndiyo.

Mama Zawadi Duka: Na Kiswahili wamekitoa wapi?

Mwl. Mstaafu: Siku mbili daraja la tatu, Dar mpaka hapa, umebanana na mama mwenye kuku. Unashuka unajua mpaka methali.

Mama Zawadi Duka: Haya basi nielezeni mayai. Trei mbili tangu jana na sukari kilo nne. Nikadhani kuna harusi.

Mwl. Mstaafu: Wanasimamishia nywele. Ute wa yai, au maji ya sukari, wengine sabuni. Hata enzi za uhai wao walifanya hivyo.

Mama Zawadi Duka: Na kiini?

Mama Gesti: Kiini nakaanga mimi. Mayai yao, kikaango changu.

Bibi Tausi (simu ya Neema): 🎤 1:48

Bibi Tausi (simu ya Neema): Neema hapa. Shikamooni. Bibi kasema niwaandikie kwa sababu najua hamsikilizi sauti ndefu. Maneno ni yake:

"Mmoja yuko kibarazani kwangu tangu alfajiri. Kichwa kimesimama kama tuta la muhogo, kijani kama chura. Nikaona tuta linatembea. Nikavaa miwani. Kumbe sisimizi. Wametoka kwenye nguzo ya baraza, wakapanda buti, wakafuata zipu ya koti la ngozi. Kila wakikutana na msumari wa koti wanaugawanya mstari, nusu kulia nusu kushoto, wanaungana tena mbele. Walipofika sikioni wakapita ndani ya pini mmoja mmoja, kama watu wanaoingia getini, hadi kileleni kwenye sukari. Wanaoshuka wamebeba chembe, wanaopanda wanawapisha. Yeye katulia anabandua rangi ya kucha. Nikamwuliza mwanangu, huwashwi? Akasema, bibi, sijawashwa tangu 1979."

Shukuru Boda: Aisee

Fundi Hamisi Cherehani: Sisimizi wana utaratibu kuliko kikao chetu cha mwezi jana

Mwenyekiti Mtaa: Ujumbe huu umefutwa

Bibi Tausi (simu ya Neema): Bibi ana swali kwa mwalimu. Huyu kafa ana miaka 20 mwaka 1979. Yeye bibi mwaka huo alikuwa na 31. Sasa kijana kabaki na 20 yake lakini kafa muda mrefu. Nani anampa nani shikamoo?

Mwl. Mstaafu: Swali zito. Kwa umri wa kuzaliwa bibi ni mkubwa. Kwa umri wa kufa, bibi hajaanza.

Mama Gesti: Wangu hawasalimii mtu yeyote mwenye cheo. Mbuzi wanampa shikamoo.

Mwenyekiti Mtaa: Nimeona. Mbele yangu.

Bibi Tausi (simu ya Neema): Bibi kasema kamaliza mwenyewe. Wanasalimiana kwa zamu, asubuhi yeye, jioni bibi. Na sukari kamwosha, kampaka mawese. Sisimizi wamerudi nyumbani, lakini nywele zimelala na kijana analia.

Mwl. Mstaafu: Mwambieni asilie. Mpelekeni bandarini akaambiwe habari za Liemba. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafumuliwa vipande, ikaletwa kwa masanduku kwa reli hii hii. Wakaiita Graf von Götzen. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nyingi. Ikalala majini miaka minane. Waingereza wakaiibua 1924, injini inafaa bado, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Mwl. Mstaafu: Nyote mnaijua habari hii. Naandika kwa ajili ya mgeni.

Bibi Tausi (simu ya Neema): Bibi anasema yeye alijua tangu zamani kwamba ukipaka mafuta kwanza hakuna kinachoharibika.

Bibi Tausi (simu ya Neema): Shukuru amempeleka. Wamerudi. Kijana anasema hajawahi kusikia panki mkubwa kama ile meli. Imejizamisha, imebadili jina, imefufuka, haina habari na mtu. Ameomba mawese zaidi.

Mama Zawadi Duka: Mawese chupa ni pesa taslimu. Sarafu za malkia sichukui.

*Shukuru Boda amemwongeza Chura wa Bibi*

Mwenyekiti Mtaa: Shukuru nani kakuruhusu? Haya, karibu mgeni. Kanuni zetu: hakuna matusi, hakuna siasa, video ya asubuhi njema moja kwa siku.

*Chura wa Bibi ameondoka*

*Shukuru Boda amemwongeza Chura wa Bibi*

Chura wa Bibi: sitaki kanuni

Mwenyekiti Mtaa: Basi toka.

Chura wa Bibi: sitaki kuamriwa

Mwenyekiti Mtaa: Basi kaa!

*Chura wa Bibi ameondoka*

Juma Dar: Hiki kikundi nisingekitoa hata kwa bando la bure

*Jumamosi.*

Mwenyekiti Mtaa: Nani kazibua mtaro wa nyuma ya gesti?

Mama Gesti: Wao, usiku. Walikuwa hawalali, nikawaambia basi.

Mwenyekiti Mtaa: Mtaro ule una kamati. Kamati ina wajumbe saba. Tumekaa vikao vinne. Mtu hawezi kuamka akazibua tu.

Mwl. Mstaafu: Ndiyo itikadi yao mwenyekiti. Usisubiri, jifanyie mwenyewe. Hata magazeti yao walikata kwa mkasi, wakagandisha kwa gundi, wakatoa kopi, wakagawa mtaani.

Fundi Hamisi Cherehani: Mimi najifanyia mwenyewe kila kitu tangu marehemu baba aniachie cherehani bovu. Hakuna aliyeniita panki.

Mama Zawadi Duka: Mwalimu, kwani wote weupe? Nimewachungulia sioni wa kwetu.

Mwl. Mstaafu: Walikuwepo. Poly Styrene wa London, baba yake Msomali, aliimba na waya wa meno mdomoni na hakuona haya. Na wasichana wengine wengi walishika magitaa.

Mama Zawadi Duka: Msomali! Basi huyo angeshuka ningemkopesha.

Shukuru Boda: Wadau leo usiku kuna muziki Kibirizi. Mbalamwezi imekomaa, dagaa hawafuati taa, wavuvi wote wako nyumbani hawana la kufanya. Panki watapiga.

Shukuru Boda: Halafu nani kachomoa waya wa breki kwenye pikipiki yangu

Mama Gesti: Angalia kwenye gitaa.

*Jumapili.*

Mama Zawadi Duka: Jamani nimetapikwa... samahani, nimetemewa mate!!! Nimekwenda muziki na dera jipya!

Mwl. Mstaafu: London 1977 mashabiki na wanamuziki walitemeana. Ilikuwa ndiyo kupenda.

Bibi Tausi (simu ya Neema): Bibi anacheka. Anasema kwao mate ni baraka, ila anayetema ni mkubwa na anayetemewa ni mtoto. Kijana alipomtemea, yeye akasimama akamrudishia. Panki wote wakapanga mstari watemewe. Kwa hiyari yao.

Mwenyekiti Mtaa: Walipanga FOLENI?

Bibi Tausi (simu ya Neema): Kama sisimizi. Ila bibi ana lawama moja. Wimbo uliisha kabla hajakaa. Akasimama kuondoka, ukaanza mwingine. Akakaa, ukaisha.

Mwl. Mstaafu: Ndivyo zilivyo. Ramones wa New York walitoa santuri ya kwanza 1976, nyimbo 14, na zote kwa jumla dakika 29 hivi.

Fundi Hamisi Cherehani: Dakika 29 kwenye taarabu mwimbaji hajapanda jukwaani

Mwl. Mstaafu: Na hao Ramones, wote walijiita Ramone kama ukoo mmoja. Joey Ramone, Johnny Ramone, Dee Dee Ramone, Tommy Ramone. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu wa mwenzake.

Mama Gesti: Kama akina shangazi wa harusini

Mwenyekiti Mtaa: Basi imetosha. Mtu akilala hapa zaidi ya usiku mbili ni mkazi. Kesho saa mbili nakuja na daftari la mtaa. Kila marehemu jina kamili, mahali atokako na kazi.

Shukuru Boda: Na tarehe ya kufa?

Mwenyekiti Mtaa: Daftari lina safu ya kuzaliwa tu. Ya kufa nitachora na rula.

*Jumatatu.*

Mwenyekiti Mtaa: Nimetoka kuandikisha. Naripoti bila hasira.

Mwenyekiti Mtaa: Safu ya kazi, wote: "hakuna". Mahali atokako, wote: "mwisho wa reli". Nikawaambia hapa ndipo mwisho wa reli, mmetoka wapi kabla ya hapo. Wakasema kabla ya hapo hawakumbuki kama palikuwa na raha.

Mwenyekiti Mtaa: Majina. Chura Mawese. Buti Mawese. Mnyororo Mawese. Pini Mawese Mkubwa. Pini Mawese Mdogo. Kuna mmoja anaitwa Liemba Mawese, huyo nilisita, nikaandika.

Mwl. Mstaafu: 😂😂😂

Mwenyekiti Mtaa: Mwalimu usicheke, wewe ndiye uliyewapa wazo. Sasa mbele ya wilaya nitasemaje? Ukoo wa watu kumi na wanane umezuka wikiendi moja, wote hawana kazi, wote wamekufa, na mtaro wao ni msafi kuliko mitaro yote.

Mama Gesti: Sema ni wapangaji wangu.

Fundi Hamisi Cherehani: Mimi wamenirudishia pini. Zimepinda zote lakini zimerudi. Wamezichoma kwenye pazia la duka zimeandika HAMISI. Herufi ya S imegeuka nyuma. Nimeiacha.

Mwenyekiti Mtaa: Jambo la mwisho. Nimehesabu upya hapa ofisini. Mistari ni kumi na tisa.

Mama Zawadi Duka: Kuna mwingine kashuka?

Mwenyekiti Mtaa: Namba 19. Mwandiko si wangu. "Tausi Mawese, kazi: bibi."

Shukuru Boda: 🙆🏾‍♂️

Mwenyekiti Mtaa: Bibi Tausi, shikamoo. Nilifute?

Bibi Tausi (simu ya Neema): 🎤 0:09

Mwenyekiti Mtaa: Neema tuandikie, nipo kwenye kelele.

Bibi Tausi (simu ya Neema): Bibi anasema marahaba. Aliandika mwenyewe, ulikwenda kunywa maji. Usifute. Na Mama Zawadi, leta trei nyingine, deni liandike kwa jina la ukoo.