Leseni yangu ya unesi imeisha muda, hela ya kuihuisha sina, naombeni ushauri

Mama Pacha
Habarini wapendwa. Mimi ni nesi, nimekaa wodini miaka 9. Mume wangu akaugua figo nikaacha kazi nimuuguze, karibu miaka mitatu maisha yetu yote yalifuata ratiba ya dayalisisi, akiba ikaisha tukaanza kuuza vitu vya ndani, na bado akatutoka. Saivi nimebaki na mapacha wangu na nataka kurudi kazini ila leseni ilishaisha muda kitambo. Naambiwa nadaiwa ada za miaka yote niliyokuwa nje, faini ya kuchelewa juu yake, na pointi za mafunzo endelevu sina hata moja. Ndugu walinichangia sana wakati wa matibabu, yaani hata kupiga simu naona haya. Kuna aliyewahi kusaidiwa kulipia leseni? Nianzie wapi? Halafu kuna mtu anasema atanifanyia mpango leseni itoke ndani ya wiki, nimtangulizie nusu ya hela. Naogopa.

Nesi Mkongwe
Pole sana mdogo wangu, Mungu akutie nguvu. Huyo wa mpango mbloku leo hii. Mwajiri anaangalia rejista ya baraza la wauguzi, hao wanaotoa leseni, sio karatasi, akitafuta jina lako halipo umeumbuka, na ukikutwa na leseni feki unaweza kufutwa kwenye taaluma moja kwa moja.

Sasa sikiliza, usianze kutafuta hela kabla hujajua ni hela ngapi. Umesema "naambiwa", nani kakwambia? Waandikie baraza uombe mchanganuo, ada ya kila mwaka peke yake, faini peke yake, na kama watataka urudie mafunzo kidogo au mtihani kwa kuwa umekaa nje muda mrefu nalo waseme mapema. Kwenye barua hiyohiyo eleza yaliyokukuta, ambatanisha cheti cha kifo na karatasi za hospitali, omba wakusamehe faini na ada ulipe kwa awamu. Ada kuifuta huwa ngumu, faini ndo inazungumzika. Mimi nilikaa nje miaka miwili baada ya ajali, nikaandika barua nikiwa sina tumaini lolote, faini wakaifuta yote. Mabaraza hayafanani ila barua ni bure dada. Na chama chenu cha wauguzi kama ulikuwa unakatwa michango waulize mfuko wa kufa na kuzikana, wengi wanaukumbuka kwenye msiba tu.

Fundi Waya
Mimi ni fundi umeme sio mtu wa afya, ila nilipounguliwa na nyumba vyeti na vifaa vyote viliteketea na leseni nikashindwa kuilipia. Nikaenda kwa mwajiri nikamwambia ukweli, akalipa, akawa ananikata kwenye mshahara kidogokidogo. Waombe wanaokutaka kazini wakulipie. Ila soma mkataba!! Mimi mkataba ulinifunga nisiache kazi kwa miaka miwili, nikaondoka kabla ikabidi nirudishe deni lote kwa mkupuo, niliteseka sana.

Zuhura
Mikopo ya kwenye simu usiiguse my dear, riba yake itakukuta hata mshahara wa kwanza hujauona.

Kuhusu pointi, Shirika la Afya Duniani lina kozi za bure mtandaoni na nyingi zinatoa cheti, ila uliza kwanza baraza lenu kama wanazihesabu usije ukakesha bure. Na hao ndugu unaowaonea haya, walichangia mgonjwa, hili ni jambo jingine kabisa, ni hela inayokurudisha kwenye kipato. Ukishapata huo mchanganuo ugawe vipande, kaka umwombe ada ya mwaka mmoja, shangazi ya mwaka mwingine, na kila mtu alipe mwenyewe kwenye akaunti ya baraza akutumie risiti. Mtu akiona hela yake imeenda wapi hasitisiti.

Nesi Mkongwe
Zuhura umesema kweli. Na Mama Pacha, usishike hata zamu moja ya unesi kabla leseni haijatoka, hata wakikubembeleza. Ukipata kazi ya kumhudumia mzee nyumbani, kumwogesha, kumlisha, hiyo fanya, sindano usishike.

Mama Pacha
Nimesoma huku nalia jamani, asanteni. Kweli sijawahi kuwauliza baraza wenyewe, aliyeniambia ni mtu niliyesoma naye. Yule wa mpango nimeshambloku. Barua naiandika usiku huu watoto wakilala. Nesi Mkongwe, naomba nikuoneshe kabla sijaituma?

Nesi Mkongwe
Nitumie inboksi, niko macho.